Chura wa Matete na Jina Lake

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, mahali hapo palikuwa nchi ya maji na mafunjo. Ndiyo makao apendayo chura mdogo wa matete. Mwaka 1841 Duméril na Bibron walimpa ndugu yake wa Habeshi jina la viridiflavus. Mwaka 1878 Peters akamwita yule wa Taita glandicolor. Lakini rangi iliwatatiza wataalamu, maana chura huyu hubadilika akikua, na wa huku si kama wa kule. Wengi wakahesabiwa aina moja. Miaka ya 2000 na 2001 uchunguzi wa urithi ulizitenga aina hizo, na jina la Peters likarejeshwa. Msomaji wa Kaloleni au Pumwani, fikiri: mabwawa yakifukiwa yote, jina litabaki kitabuni bila mwenyewe.