Usiku, Otieno na Noche: Maneno Yasiyokopwa

Imedaiwa mara kwa mara kwamba lugha inayokopa sana huishia kupoteza nafsi yake. Dai hilo lina uzito katika mji kama Kisumu, ambako Kijaluo, lugha ya Kinailoti, kimeishi bega kwa bega na Kiswahili tangu reli ilipofika ufukoni mwa ziwa mwaka 1901. Neno la kutajia usiku lafaa kulipima dai hilo.

Neno usiku ni la Kibantu. Ndugu zake ni ũtukũ wa Kigikuyu na ubusuku wa Kizulu, na shina lake ndilo lililozaa siku. Kiswahili kilikopa kutoka Kiarabu alfajiri, adhuhuri na alasiri, nyakati zilizofungamana na sala. Usiku wenyewe haukukopwa.

Mfano wa Kihispania haupingani na huo. Waislamu waliingia Hispania mwaka 711, na utawala wao wa mwisho ukaanguka mwaka 1492. Kiarabu kiliacha humo maneno mengi, kama azúcar, yaani sukari. Hata hivyo noche ilibaki kuwa mtoto wa Kilatini noctem, ambamo ct imegeuka ch, kama octo ilivyokuwa ocho. Buenas noches husemwa katika kukutana na katika kuagana pia, ilhali usiku mwema ni maneno ya kuagana tu.

Kijaluo nacho kilipokea saa, neno la Kiarabu lililopitia Kiswahili, pamoja na desturi ya kuanza hesabu jua linapotua. Mvuvi wa omena, aingiaye ziwani na taa zake katika giza lisilo na mwezi, huhesabu muda kwa neno lililotoka pwani. Lakini giza lenyewe huliita otieno, kama walivyoliita wazee wake. Mwanawe akizaliwa wakati huo huitwa Otieno, na binti Atieno. Neno lililokopwa limeongeza kipimo, halikuondoa kilichokuwapo.

Hatari, basi, haikutoka katika mkopo. Desturi ya kuandika jina la baba kuwa jina la ukoo, iliyoenezwa na shule na ofisi za enzi ya ukoloni, imemfanya mtoto wa adhuhuri, ambaye kwa haki ni Ochieng', aandikwe Otieno kwa kuwa babu yake alizaliwa usiku. Katika matumizi hayo umbo la neno limehifadhiwa kikamilifu, bali halieleze tena saa ya kuzaliwa.

Kwa hiyo anayetaka kujua afya ya lugha asitosheke na kuhesabu maneno ya kigeni yaliyomo. Aulize pia kama maneno ya asili bado yanafanya kazi yaliyoundiwa. Otieno hajafukuzwa na usiku. Karatasi ndiyo iliyomsahaulisha maana yake.