Chokaa, Saruji na Unyevu wa Nyumba za Mawe

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja, za Lamu na za Mombasa ya kale huanza kuoza kutoka chini. Kwenye ukuta wa kawaida wa mitaa hiyo lipu imevimba kufikia kimo cha kiuno, rangi inabanduka vipande vipande, chumvi nyeupe imetokeza juu ya jiwe, na chumba cha chini kinanuka kuvu hata wakati wa kiangazi. Wakazi na wageni huwa na jibu moja: nyumba zimezeeka, bahari iko jirani, na mvua za masika hazina huruma. Jibu hilo halitoshi. Bahari ilikuwepo nyumba hizi zilipojengwa, na mvua pia. Kwa maoni yangu, wajenzi wa pwani waliufahamu unyevu vizuri kuliko wengi tunaozitengeneza nyumba zao leo, na sehemu kubwa ya uozo tunaoulaumia uzee ni matokeo ya kuacha chokaa na kushika saruji.

Ushahidi wa kwanza uko katika vifaa vyenyewe. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, uchimbaji wa akiolojia ulioongozwa na Mark Horton miaka ya 1980 ulionyesha kwamba watu walianza kwa kujenga kwa miti na udongo, kisha wakaingia kwenye mawe ya matumbawe. Matumbawe ya mwanzo yalikatwa baharini yakiwa mabichi na laini, yakachongwa upesi kabla hayajakauka na kuwa magumu. Baadaye mafundi wakategemea zaidi mawe ya nchi kavu, yaani matumbawe ya kale yaliyoachwa juu ya ardhi bahari iliposhuka. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 Miladia, na Husuni Kubwa ya Kilwa ni ya karne ya 14. Kwa hiyo tunazungumzia ufundi uliopata karne nyingi za kujaribiwa. Jiwe hili lina vitundu tele. Hunywa maji likigusana nayo, na mara nyingi lina chumvi ndani yake tangu lilipotoka. Fundi aliyelijenga moja kwa moja juu ya ardhi, bila tabaka lolote la kuzuia maji kati ya msingi na ukuta, hakuweza kutarajia ukuta mkavu. Unyevu ungepanda tu. Swali alilokuwa nalo ni utatokea wapi.

Chokaa ndiyo iliyojibu swali hilo. Vipande vya matumbawe vilipangwa juu ya rundo la magogo, vikachomwa mpaka vikawa chokaa kali, kisha vikamwagiwa maji au kuachwa vinyeshewe. Chokaa iliyoiva iliwekwa muda mrefu kabla ya kutumiwa, na fundi mzuri hakuiharakisha. Ikishachanganywa na mchanga na kupakwa ukutani, hukauka polepole huku ikivuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe la aina ileile ilikotoka. Hata ikishakuwa ngumu, hubaki na vitundu vidogo vinavyopitisha mvuke. Maji yaliyopanda kutoka ardhini, au yaliyopenya kutoka nje wakati wa mvua, hutoka kupitia lipu hiyo na kupotelea hewani, kama mtungi wa udongo unavyotoa jasho na maji ya ndani yakabaki baridi. Chumvi nayo husafiri na maji na kukaukia juu ya lipu au ndani yake, mahali ambapo inaweza kukwanguliwa. Lipu ya chokaa ilikusudiwa kuchakaa ili jiwe lisichakae, na mwenye nyumba alijua kwamba chokaa ya kupaka ingerudiwa tena na tena. Matengenezo yalikuwa sehemu ya ujenzi wenyewe.

Mpangilio wa nyumba uliisaidia chokaa. Katika nyumba kubwa za Lamu watu waliishi juu, na ghorofa ya chini, penye unyevu zaidi, ikawa ya bohari na shughuli za kazi. Kiwanda, yaani ua wa katikati, kilileta hewa na jua ndani ya kuta nene. Baraza lililojengwa mbele ya nyumba lina sifa nyingi za kijamii ambazo zimeandikwa sana. Lakini kimaumbile lilikuwa pia kinga ya mguu wa ukuta, kwa sababu maji ya mvua yanayodunda barabarani yaligonga baraza kwanza. Vyumba vilikuwa vyembamba, kwa kawaida upana wa mita mbili na nusu hadi tatu, kwa kuwa huo ndio urefu ambao boriti ya mkoko inaweza kubeba. Boriti ni mti mgumu na mchwa hawaupendi, ila una udhaifu mmoja: ncha zake zimezama ukutani. Mti huanza kuwa hatarini unyevu wake ukipita kiasi cha asilimia 20, na ukizidi hapo kwa muda mrefu kuvu huula kutoka ndani bila ishara yoyote kwa nje. Usalama wa dari nzima, basi, ulitegemea ukuta kukauka kwa wakati.

Mambo mawili yalikuja kuuvunja mpango huu, na yote mawili yalipokewa kwa furaha, tena kwa haki. La kwanza ni maji ya bomba. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta maji safi mjini Unguja kutoka chemchemi za nje ya mji, na afya ya watu ikafaidika. Lakini nyumba ambayo zamani ilipokea maji ya ndoo na mitungi sasa ilianza kupokea maji yasiyokatika, na baadaye vyoo, mabafu na matangi ya juu vikaongezwa katika ghorofa ambazo hazikujengwa kwa ajili yake. La pili ni saruji. Joseph Aspdin aliandikisha saruji ya Portland huko Uingereza mwaka 1824, na kwa muda mrefu pwani yetu iliinunua kutoka ng'ambo. Kiwanda cha Bamburi kilipoanza uzalishaji mwaka 1954, na cha Wazo Hill mwaka 1966, mfuko wa saruji ukawa kitu cha dukani. Inafaa kukumbuka kwamba Bamburi ilichimba mawe yaleyale ya matumbawe ya kale. Jiwe moja, njia mbili za kulichoma, na tabia mbili tofauti kabisa ukutani.

Saruji ina sifa ambazo fundi yeyote angezipenda: hukamata siku hiyohiyo, ni ngumu, na haipitishi maji kwa urahisi. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iletayo hasara. Ukipaka lipu ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe uliokuwa unatoa unyevu, hujazuia maji kuingia kwa chini. Umeyafungia mlango wa kutokea. Maji huendelea kupanda mpaka yapate pa kutokea, na mara nyingi hapo ni juu ya ukingo wa lipu mpya, karibu zaidi na ncha za boriti. Chumvi iliyokuwa ikikaukia juu sasa hukaukia nyuma ya saruji, ndani ya jiwe lenyewe, na chembe zake zikikua huligeuza jiwe kuwa vumbi. Kwa mwaka mmoja au miwili ukuta unaonekana umepona. Kisha saruji hubanduka kwa bapa kubwa ikiwa imeng'oa uso wa jiwe, na mwenye nyumba, kwa kuona ukuta umezidi kuharibika, huongeza saruji nzito zaidi, rangi ya mafuta na vigae. Hapo ndipo kuvu wa chumbani huota kwa nguvu, kwa sababu hewa iliyo juu ya ukuta baridi na wenye maji hukaa katika unyevu wa zaidi ya asilimia 80, kiwango ambacho kuvu hufurahia.

Kuna pingamizi zito la kwanza, nalo ni kwamba tunaisifu chokaa kwa kutazama majengo yaliyosalimika tu. Ni kweli. Katika magofu ya Kilwa na Gedi kuta zimesimama bila paa, na boriti zimekwisha zamani. Nyumba nyingine nyingi hazikubaki kabisa. Mapaa bapa ya chokaa, yaliyopigwa kwa fimbo na makundi ya watu huku wakiimba ili yashikamane, yalivuja vilevile, na ndiyo maana Unguja ya karne ya 19 ilianza kuezeka mabati juu yake. Siwezi kudai kwamba ufundi wa zamani haukuwa na kasoro. Ninachodai ni chembamba zaidi: kasoro zake zilitengenezeka kwa vifaa vilevile, hali kasoro ya saruji juu ya matumbawe hula jiwe na mti kwa pamoja.

Pingamizi la pili lina uzito kuliko la kwanza. Wapo wasemao kwamba habari ya lipu ni ndogo, na kwamba nyumba za Mji Mkongwe ziliharibiwa na historia ya umiliki. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitwaliwa na serikali na kugawiwa wapangaji kwa kodi ndogo. Familia kadhaa zikaishi katika nyumba ya familia moja, na hakuna aliyekuwa na wajibu wala uwezo wa kuitunza nyumba nzima. Mamlaka ya uhifadhi ya mji ikaundwa mwaka 1985, na mji ukaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini hata hivyo nyumba ziliendelea kuanguka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Barghash la mwaka 1883, iliporomoka wakati jumba likikarabatiwa, na watu wawili wakafariki. Siwezi kulilaumia jambo hilo saruji, na kwa jengo kubwa lenye nguzo za chuma za kusubu, kulilaumia jambo moja ni haraka. Ila hoja ya umiliki haiipingi hoja ya chokaa, inaieleza. Nyumba ya chokaa inadai mtu wa kuirudia kila baada ya misimu michache. Asipokuwepo mtu huyo, kitu kinachoahidi kudumu bila kurudiwa huonekana ni ukombozi, na saruji inatoa ahadi hiyo.

Limebaki la gharama. Chokaa ya kuchoma hula kuni, na kukata mikoko na matumbawe kwa wingi leo kungekuwa uharibifu mwingine. Kwa hiyo kurudi nyuma moja kwa moja hakufai. Si lazima pia. Chokaa ya kiwandani ipo, na kazi za ukarabati kama ile ya Zahanati ya Ithnasheri ya Mji Mkongwe, iliyofanywa miaka ya 1990, zilionyesha kwamba mafundi wa leo wanaweza kujifunza upya kuipaka. Saruji nayo ina mahali pake. Nyumba mpya ya matofali, yenye karatasi ya plastiki chini ya sakafu na tabaka la kuzuia maji juu ya msingi, inaweza kutumia saruji bila madhara, kwa kuwa maji hayakupewa njia ya kupanda toka mwanzo. Makosa ni kudhani kwamba ukuta usio na tabaka hilo utatii sheria ileile. Kwa mwenye nyumba ya mawe, kazi ya kwanza ni ya bei ndogo: kuziba bomba linalovuja, kuondoa kifusi na udongo uliorundikana kwenye mguu wa ukuta, kuelekeza maji ya paa mbali na msingi, na kukwangua saruji na rangi ya mafuta kimo cha mita moja au zaidi ili ukuta uanze kutoa maji. Kukauka kutachukua miezi, na lipu mpya isipakwe kabla ya hapo. Chokaa ya kupakwa baada ya vuli inapaswa kuwa shimoni inaiva tangu masika, na mpaka kazi za mafundi na bajeti za ukarabati zipangwe kwa kalenda hiyo, fundi atakayepewa wiki mbili ataendelea kununua mfuko wa saruji.