Kujifukiza nyumbani: blanketi moja, watu wangapi?

Ukiuliza kijana wa Likasi sauna ni nini, atakujibu: ni chumba cha moto cha hoteli, kitu cha Wazungu. Lakini mama muzee wa Panda au wa Kikula, ukimuuliza kama anajua kutoka jasho ndani ya mvuke, atakucheka. Alianza kujifukiza tangu utoto, ila chumba chake kilikuwa blanketi. Na swali ambalo watu wa Finland wanajiuliza wakijenga sauna ya nyumbani, yaani iwe kubwa namna gani ili jamaa waingie pamoja, mama zetu walilijibu zamani mbele ya nyungu.

Kujifukiza kulitoka vijijini, pamoja na wazee wetu. Lakini kipimo chake, kwa maoni yetu, kilitoka kwa kazi. Union Minière iliundwa 1906. Tangu 1910 Bourse du Travail ilitafuta watu hata mbali sana. Reli ikapita hapa kwetu 1913 ikielekea Kambove. Mfanyakazi alipewa posho, na blanketi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 shirika likaona afazali mtu akae na bibi na bana, basi kambi zikajaa jamaa. Nyumba ilikuwa ndogo, blanketi zilihesabiwa. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Likasi inauma, watoto wanakohoa wote kwa mara moja. Nani angechemsha nyungu ine?

Kwetu ilikuwa hivi. Majani ya mukaratusi, ya mapera, ya ndimu na sitroneli yalichemshwa inje, juu ya mbabula. Nyungu ikaletwa ndani, mlango ukafungwa. Unakaa juu ya kiti kifupi, wanakufunika, na wewe mwenyewe unafungua mufuniko polepole. Dakika kumi, jasho linatiririka. Kisha unapanguswa, na hakuna kutoka inje kwa upepo.

Sasa tupime kidogo, maana sisi ni walimu. Mtu mukubwa akikaa juu ya kiti kile, kichwa kinafika karibu mita 1 toka chini. Blanketi inapaswa kupanda mita hiyo, kupita juu ya magoti na nyungu, na kushuka tena mpaka chini. Blanketi ya mita 1,5 kwa 2 haimtoshi hata yeye peke yake: upande mmoja unabaki wazi na mvuke unakimbia. Ndiyo maana mama yetu alishona blanketi mbili kuwa moja, ikapata mita 3 kwa 2. Tuliingia watoto watatu na yeye. Lakini nyungu ilibaki ile ile, na aliyekaa mbali alipata giza tu, bila moto. Wafini wanajua shida hiyo: wanahesabu karibu sentimita 60 za benchi kwa kila mtu, na jiko karibu kilowati 1 kwa kila mita kibu ya chumba. Chumba kikikua, jiko likue. Kwetu hakuna aliyekuza nyungu, kwani nyungu kubwa kati ya watoto ni hatari nyingine.

Hatari hiyo tuliiona. Siku moja mdogo wetu alinyoosha mguu, nyungu ikapinduka. Kovu liko mpaka leo. Mama hakusema kitu, lakini tangu siku ile aliingiza mtu mmoja mmoja, na mtoto mdogo hakuingia tena: alikaa tu ndani ya chumba kilichofungwa, mbali na nyungu.

Gécamines ilipoanguka, mishahara ikakatika, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliondoka kwa ule mpango wa «départ volontaire». Dawa ya bure ikaisha, nyungu ikarudi. Ikarudi tena 2020 kwa sababu ya Covid-19. Hata Tanzania, rais Magufuli aliisifu. Tuseme wazi: mvuke hauui virusi, na malaria haitoki na jasho. Unafungua pua, unapumzisha mwili, basi. Na watu watatu wenye kukohoa chini ya blanketi moja wanapeana ugonjwa kuliko kupona. Kwa hiyo kipimo chetu ni mtu mmoja, nyungu iliyowekwa imara chini, na mtu mukubwa anayekaa inje ya blanketi akilinda.

Wengine watatuambia tunaua desturi. Kweli kuna kitu tunachopoteza. Ndani ya giza lile mama alisema mambo ambayo hakuyasema mezani: deni la duka, baba aliyechelewa kulipwa, shangazi aliyeachwa. Tulijua habari za nyumba kupitia mvuke.

Blanketi ile ya kushonwa iko bado kwa dada yetu mukubwa, Kikula. Anafunikia magunia ya makala wakati wa mvua.