Karatasi mbili za daino na zile hosipawa 54 za Mwanga

Jumapili usiku, bwenini

Nilikuwa kimya maana testi zilinibana, halafu nikaingia kwenye ubishi ambao haunihusu kabisa. Nasoma Historia mimi, si uhandisi. Lakini braza wangu anaamini kwamba mtu akishakuwa chuo basi anajua kila kitu, kuanzia malaria hadi giaboksi.

Braza anakaa Mwanga, kule Kigoma. Ana Mark II yenye injini ya 1JZ ya turbo, gari analolipenda kuliko chakula. Alilipeleka mpaka Nairobi kwa fundi mmoja, likafungwa ekzosi pana na kompyuta yake ikachezewa. Likapimwa kwenye daino mara mbili, kabla ya kazi na baada ya kazi. Daino kwa asiyeijua: gari linapandishwa juu ya roli kubwa, linafungwa mikanda lisikimbie, unakanyaga mafuta mpaka mwisho, matairi yanazungusha roli na mashine inakokotoa nguvu. Karatasi ya kwanza ilitoka 214. Ya pili 268. Ongezeko la hosipawa 54, na fundi bado anadai laki nane zilizobaki.

Sasa braza akanipigia: "Dogo, wewe si uko chuo? Hebu nisomee hizi karatasi. Mbona ule mlima wa kutoka stesheni kuja Mwanga nauona ni ule ule?"

Nikamwambia anitumie picha za karatasi zote mbili, za kukunjwakunjwa hivyo hivyo. Kwetu Historia tunafundishwa jambo moja mpaka linachosha: hati haikuambii kitu mpaka ujue nani kaiandika, akiwa wapi, na alikuwa anamuuzia nani. Nikaona nianze na hilo.

Na neno lenyewe "nguvu za farasi" lilianza kwenye biashara. James Watt, yule wa injini za mvuke, miaka ya 1780 alikuwa na wateja waliotumia farasi kuzungusha mashine zao. Mteja anauliza, mtambo wako utaniondolea farasi wangapi? Watt akakadiria kazi ya farasi mmoja kuwa ni kuinua ratili 33,000 kwa futi moja kila dakika. Farasi wa kawaida akifanya kazi siku nzima hafiki hapo. Ikumbukeni hiyo 33,000, tutakutana nayo mbele.

Swali la pili ni nguvu inapimwa wapi. Watt na msaidizi wake John Southern walikuwa na kifaa cha kuchora presha ndani ya silinda, kwa hiyo walisoma nguvu kabla haijapotea njiani. Mwaka 1821 Mfaransa Gaspard de Prony akafunga breki kwenye shafti na kupima kinachotoka nje. Mwaka 1877 William Froude akabuni breki ya maji kwa ajili ya injini kubwa za meli, ambazo breki ya kusuguana ingeziunguzia tu. Daino za leo ni wajukuu wa breki hizo. Na nguvu ya ndani ya silinda, ya kwenye shafti na ya kwenye matairi ni namba tatu tofauti kwa injini hiyo hiyo moja.

Hapa nitachepuka kidogo, mtanisamehe, mtu wa Kigoma hawezi kuongelea injini zilizofanyiwa mabadiliko akairuka Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini 1915. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, injini wakiwa wamezipaka grisi nzito zisioze. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, kwa mvuke ule ule. Miaka ya 1970 ikawekewa dizeli. Basi ukikaa na wazee watabishana mpaka usiku, ya moshi na ya dizeli ipi ilikuwa na nguvu. Kwa namba hawamalizi, kwa sababu injini za mvuke zilizoea kutajwa kwa nguvu ya ndani ya silinda, na dizeli kwa nguvu ya kwenye shafti. Watu wanalinganisha kibaba na pishi.

Wamarekani nao waliwahi kuchanganya watu hivi hivi. Mpaka 1971 viwanda vyao vilitangaza nguvu ya injini ikiwa uchi, haina ea klina wala oltaneta inayoila, na ekzosi iko wazi. Mwaka 1972 wakahamia kupima injini ikiwa na vitu vyake vyote. Cadillac Eldorado ikashuka kwenye vitabu kutoka 365 hadi 235. Kuna mabadiliko madogo ya injini humo, sikatai, ila sehemu kubwa ya zile farasi 130 ilikufa kwenye karatasi.

Na Wajapani, ambao magari yao ndiyo tunayoendesha? Kuanzia 1989 watengenezaji walikubaliana wasitangaze gari linalozidi 280, hadi 2004 walipoachana na makubaliano hayo. Ndiyo maana 1JZ ya turbo inasemwa 280, na magari mengine makali kabisa ya miaka hiyo nayo ni 280. Juu ya hapo farasi wa Kijapani ni mdogo kidogo, wati 735 na nusu, wa Watt ni karibu 746. Kwa hiyo braza alipolia kwamba karatasi ya kwanza imemwibia, "gari ni 280, wameandika 214", jibu ni kwamba 280 ni ya kwenye injini, kiwandani, na 214 ni ya kwenye matairi baada ya giaboksi, propela shafti na difu kula sehemu yao. Tena Nairobi, mlimani.

Hapo kwenye mlima ndipo palipokuwa na mchezo wote.

Nairobi iko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Pwani presha ni milibari 1,013 hivi, kule ni 820 na kitu. Hewa ikipungua injini inavuta kidogo, nguvu inashuka. Ili mtu wa Nairobi na wa Mombasa waweze kulinganisha, programu ya daino huzidisha matokeo kwa namba fulani, kana kwamba gari lilipimwa pwani. Kile kizidishi huandikwa pembeni ya karatasi kwa herufi za kisisimizi. Nikaikuza picha. Karatasi ya kwanza: 1.00. Karatasi ya pili: 1.22.

Mnaona? Ya kwanza ni namba mbichi, ya pili imepikwa. Gawanya 268 kwa 1.22 unapata 219 na ushee. Kumbe ongezeko la kileleni ni hosipawa kama 6, na gari hilo hilo ukilipima mara mbili mfululizo linaweza kupishana 2 au 3 kwa joto la injini, upepo wa matairi na mikanda ilivyokazwa. Na baya zaidi, hiyo 1.22 ni saizi ya injini isiyo na turbo. Turbo inaweza kuzunguka zaidi ikafidia hewa nyepesi, kwa hiyo unarudishiwa nguvu ambayo mengine hukuwahi kuipoteza. Hata Mwanga, yenye mwinuko chini ya nusu ya Nairobi, hiyo 268 haipo.

Je, fundi ni tapeli? Nilitaka kusema ndiyo, nikajizuia. Kwanza mstari wa nguvu na ule wa msokoto ilikatana kwenye mizunguko 5,252 kwa dakika, karatasi zote mbili. Kwa vipimo vya Kiingereza, vikichorwa kwa skeli moja, lazima vikatane hapo, maana ukigawa ile 33,000 ya Watt kwa pai mbili unapata 5,252. Grafu ya kughushi mara nyingi inaumbuka hapo. Pili, nikaacha kileleni nikasoma katikati. Kwenye mizunguko 3,500 ya kwanza inasema 141, ya pili 198, ambayo ikigawanywa ni 162. Hiyo 21 ni kazi ya kweli, na kwenye barabara ya Kasulu ukitaka kuovateki lori utaiona. Chini, kwenye 2,000, mistari inalingana. Na braza ule mlima wa stesheni anaupanda kwenye 2,000, amejaza abiria, turbo haijaamka. Ndiyo maana mlima ni ule ule.

Nikamwambia asilipe kwanza, amwombe fundi aitoe upya karatasi ya kwanza kwa kizidishi kile kile cha 1.22. Fundi hakubisha, akasema programu ilibadilishwa mipangilio katikati ya siku zile mbili. Ikatoka 261. Wakajadiliana, akapunguziwa laki mbili, akalipa.

Sasa tatizo ni kwamba alishawatangazia vijana wote wa kijiweni pale sokoni Mwanga kuwa amepandisha farasi 54. Mpaka naandika hapa hajawakanusha.