Amiri Ibrahim, kamanda aliyetawala Kilwa bila taji

Ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani, ufukweni unapokewa na ngome iitwayo Gereza. Kuta zake za leo ni za zama za Waomani, karne ya 19, lakini zimesimama pale pale Wareno walipojenga ngome yao mwaka 1505. Vasco da Gama anajulikana na kila aliyesoma historia darasani. Mtu aliyekuwa akiutawala mji huo siku Wareno walipotia nanga, wengi wetu hatumjui hata kwa jina.

Aliitwa Amiri Ibrahim. Katika dola ya Kilwa amiri alikuwa mkuu wa majeshi, na kufikia mwisho wa karne ya 15 maamiri na mawaziri ndio waliokuwa wakiwasimika masultani na kuwaondoa. Ibrahim alikwenda mbali zaidi. Inasimuliwa kuwa alimuua Sultani Fudhail, kisha akashika hatamu mwenyewe, ila hakujivika usultani. Alibaki na cheo chake cha kijeshi. Nadhani alijua kuwa wazee wa mji wangemvumilia mtawala mwenye upanga, lakini wasingemkubali mwizi wa kiti cha enzi.

Nahodha wa Kireno Pedro Álvares Cabral alifika mwaka 1500 akitaka biashara ya dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini, akaondoka mikono mitupu. Miaka miwili baadaye Da Gama alikuja na mizinga. Alitishia kuuteketeza mji, akadai kodi kwa ajili ya mfalme wa Ureno. Ibrahim aliahidi kulipa, na tajiri mmoja wa mjini, Muhammad Ankoni, akawekwa rehani kwenye meli. Ahadi ikabaki ahadi. Ankoni alikuwa mpinzani wake, na kwa masimulizi ya Wareno Ibrahim asingesikitika kama angeuawa huko huko. Mwishowe Ankoni alijikomboa kwa fedha yake mwenyewe. Kwangu mimi, hilo ndilo doa kubwa zaidi katika maisha ya Ibrahim.

Dhahabu ambayo Da Gama aliipata Kilwa kama kodi ilifikishwa Lisbon, na Mfalme Manuel akaagiza itengenezewe chombo cha ibada. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 1506 na hadi leo imo katika makumbusho ya sanaa ya kale jijini humo: mnara mwembamba wa dhahabu, na chini yake mitume 12 wa rangi wamepiga magoti.

Julai 1505 Francisco de Almeida alifika na kundi la meli za vita. Ibrahim hakwenda kumlaki. Askari wa Kireno waliposhuka, yeye na watu wake walikwishatoka mjini. Mapadri walitangulia na misalaba wakiimba hadi kwenye jumba la mtawala. Baada ya sala, uporaji ukaanza. Ankoni, yule yule aliyeachwa rehani, ndiye Wareno waliyemvika taji.

Utawala wake haukumaliza mwaka. Mwaka 1506 aliuawa kwa njama ya jamaa wa Ibrahim, na Kilwa ikaingia katika ugomvi wa urithi huku biashara ikikauka. Mwaka 1512 Wareno waliihama ngome yao. Ibrahim akarudi mjini, akatawala tena.

Sehemu kubwa ya tunayoyajua juu yake iliandikwa na adui zake, akiwamo mwanahistoria wa Kireno João de Barros, waliomwita mnyang'anyi wa ufalme kwa kuwa iliwafaa kumwita hivyo. Sifichi kwamba alimwaga damu kupata madaraka. Hata hivyo aliusoma uwezo wa mizinga ile mapema kuliko watawala wengi wa pwani hii, akauacha mji ili asipotee nao, na akaishi kuona wavamizi wakifunga safari.

Magofu ya Kilwa Kisiwani yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Walimu wa historia wa Kilwa na Lindi, mkiwapeleka wanafunzi kule, wasimamisheni mbele ya Gereza na muwasimulie habari za Ibrahim kabla ya kuwatajia Almeida.