Kikulacho ki nguoni mwako: historia ya foleni inayokwamisha gemu

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, na sababu yake nitaieleza bila kuficha kwa kuwa ndiyo iliyozaa makala haya. Nilikosana na mpwa wangu.

Kijana huyu ni mtoto wa dada yangu, ana miaka 17, na anakaa kwangu hapa Nairobi ili awe karibu na shule. Jioni akimaliza vitabu hucheza Counter-Strike na wenzake wanne, kwenye seva iliyoko Afrika Kusini. Walikuwa wameingia katika mashindano madogo ya vijana wa mitaani. Basi kila usiku nilikuwa nasikia kilio kile kile kutoka chumbani: "Mjomba, neti imekwama tena!" Adui alikuwa mlangoni, mara yuko nyuma yake, mara kijana ashakufa hata kabla hajafyatua risasi. Pingi, yaani muda ambao ujumbe huchukua kwenda kwenye seva na kurudi, ilikuwa ikiruka kutoka milisekunde 60 hadi zaidi ya 1,100, kisha inashuka, kisha inaruka tena.

Nami nikafanya nini? Nilifanya lile ambalo wengi wetu hufanya. Kwanza nilinunua kifurushi kikubwa zaidi, nikawa nalipa shilingi 1,500 zaidi kila mwezi. Hakuna kilichobadilika. Pili, nikamwambia kijana kwamba anatafuta kisingizio cha kushindwa. Wiki ya tatu wenzake wakamwondoa kwenye timu. Hakuniambia yeye, nilisikia kwa mama yake kwenye simu.

Hapo ndipo nilipoona haya, nikaketi kutafuta ugonjwa wenyewe. Na nilipokuwa nikitafuta niligundua kuwa jibu la shida yangu lilianza kuandikwa mwaka 1985, kabla hata mimi sijaiona kompyuta kwa macho. Hebu tuifuate historia hiyo pamoja.

Kupiga na kungoja mwangwi

Chombo nilichokishika kwanza ni kile alichokiandika Mike Muuss mnamo Desemba 1983. Muuss alikuwa akifanya kazi katika maabara ya utafiti ya jeshi la Marekani kule Maryland. Mtandao wao ulikuwa na tabia asiyoielewa, basi akaandika programu ndogo inayotuma ujumbe na kuhesabu muda hadi jibu lirudi. Akaiita ping, kwa kuufuata mlio wa sona ya nyambizi: unapiga mlio, unangoja mwangwi.

Nilifungua madirisha mawili kwenye laptopu. La kwanza likawa linaipigia rauta yangu hapo sebuleni, la pili linapigia seva ya nje. Ukifanya hivi utajua shida iko upande gani. Namba za rauta zikiyumba, tatizo ni Wi-Fi yako, na dawa ya kwanza ni waya. Kwangu rauta ilijibu kwa milisekunde 2 au 3 usiku wote. Lakini lile dirisha la nje lilitulia kwenye 60 mpaka saa mbili na nusu barabara, halafu likaruka. Siku ya pili, saa mbili na nusu. Siku ya tatu, saa mbili na nusu. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Kasi si sawa na wepesi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kuwa mtandao wenye megabiti nyingi ndio mtandao mwepesi. Wakenya tuna historia ya kutufunza tofauti hiyo. Kabla ya mwaka 2009 intaneti yetu ya kwenda ng'ambo ilipitia setilaiti, na setilaiti hizo hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe kwenda na kurudi ulichukua karibu nusu sekunde kwa sababu ya safari tu, hata kama umelipia njia pana kiasi gani. Ungeweza kupakua faili kubwa ukiwa na subira, lakini gemu la kufyatuliana risasi sahau.

Tena kulikuwa na kichekesho. Pakiti ya kutoka kampuni moja ya intaneti Nairobi kwenda kampuni nyingine hapo hapo Nairobi ilikuwa ikisafiri kwa setilaiti hadi ng'ambo, halafu irudi. Ndiyo maana kampuni hizo zilianzisha kituo cha kubadilishana, KIXP, mwishoni mwa mwaka 2000. Kikafungwa muda mfupi baadaye kwa amri ya mdhibiti baada ya Telkom Kenya kulalamika, kisha kikafunguliwa tena mwaka 2002. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa. Mwanga ndani ya waya wa aina hiyo huenda kilomita kama 200,000 kwa sekunde, kwa hivyo kila kilomita 1,000 inakugharimu milisekunde 10 tu kwenda na kurudi.

Umbali huo hata watengenezaji wa gemu walijifunza kuufunika. Gemu la Quake lilipotoka mwaka 1996 lilifaa zaidi mtandao wa jengo moja. Waliokuwa nyumbani na modemu za simu walipata taabu: unabonyeza, unangoja, ndipo unasogea. Mwishoni mwa mwaka huo huo John Carmack akatoa QuakeWorld, ambamo kompyuta yako inabashiri mwendo wako na kukuonyesha papo hapo bila kungoja seva ikubali. Ubashiri huo husaidia sana ikiwa ucheleweshaji ni ule ule. Lakini pingi ikiruka kutoka 60 hadi 1,100 ghafla, hakuna ubashiri utakaokuokoa. Na waya wa baharini haurefuki saa mbili na nusu usiku. Kinachorefuka ni foleni.

Uwanja mkubwa hauharakishi feri

Fikirini kivuko cha Likoni. Feri inabeba magari kadhaa tu kila safari. Sasa mtu aseme, magari yanasumbua barabarani, tujenge uwanja mkubwa wa kungojea. Je, feri itaenda mbio? La. Magari mengi zaidi yataingia uwanjani, na kila mmoja atangoja zaidi. Na wewe mwenye pikipiki, umebeba barua moja tu, utasimama nyuma ya malori 200.

Uwanja huo ndani ya rauta na modemu unaitwa bafa, yaani kumbukumbu ya kuhifadhi pakiti zinazongoja zamu. Mwaka 1985 mhandisi John Nagle aliandika waraka, RFC 970, akiuliza swali la ajabu: itakuwaje mtambo ukiwa na kumbukumbu isiyo na mwisho? Wengi wangesema heri tupu, hakuna pakiti itakayopotea. Nagle alionyesha kinyume chake. Foleni ikizidi kurefuka, pakiti zitakaa humo mpaka muda wao wa kuishi uishe, na mwishowe mtambo hautafikisha hata moja. Akapendekeza kila mtumaji apewe foleni yake, na mtambo uwahudumie kwa zamu.

Mwaka uliofuata, Oktoba 1986, msongamano wenyewe ukatokea. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, mahali palipoachana kwa yadi 400 tu, kasi ilianguka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Si kilobiti, biti! Van Jacobson, akishirikiana na Mike Karels, akatafuta sababu, na mwaka 1988 akachapisha dawa ambayo kompyuta zetu bado zinaishi kwa misingi yake. Mtumaji aongeze mwendo kidogo kidogo, na pakiti ikipotea ajue njia imejaa, apunguze kwa nusu.

Angalieni vizuri hapo. Kupotea kwa pakiti ndiyo taarifa yenyewe. Bila pakiti kutupwa, mtumaji hajui kuwa amezidisha.

Sasa miaka ikapita na kumbukumbu ikawa bei rahisi. Watengenezaji wa mitambo wakaona kupoteza pakiti ni aibu, wakaongeza bafa, wakaongeza tena. Sally Floyd na Van Jacobson walikuwa wamekwisha kupendekeza mwaka 1993 njia iitwayo RED, ya kutupa pakiti chache mapema kabla foleni haijajaa, lakini ilikuwa ngumu kuirekebisha na wengi hawakuiwasha. Kwa hivyo taarifa ya Jacobson ikawa inachelewa kufika. Mtumaji anamimina, bafa inameza, hakuna anayelalamika ila yule mwenye pikipiki.

Piga hesabu hii. Njia yangu ya kupakia ni megabiti 2 kwa sekunde. Bafa ya kilobaiti 256 ikijaa, hiyo ni zaidi ya megabiti 2, kwa hivyo anayeingia nyuma ya foleni atangoja sekunde moja na ushei. Ongeza zile milisekunde 60 za safari, unapata 1,100 na kitu. Namba ya mpwa wangu hiyo.

Baba ndiye aliyekuwa mkosaji

Mwaka 2010 Jim Gettys, mhandisi wa Bell Labs na mmoja wa waliojenga mfumo wa X Window, alikuwa nyumbani kwake Massachusetts akinakili mafaili makubwa kwenda kwenye seva ya kazini. Wakati huo huo jamaa zake walikuwa wakimlalamikia kuwa intaneti ni mbovu. Akapima, akakuta ucheleweshaji unapita sekunde nzima. Kila alipozuia ule unakili, intaneti ikapona. Akawaonyesha wenzake, Jacobson akiwemo, na wakakubaliana kuwa ugonjwa huu hauko kwake peke yake, umeenea kote. Akaupa jina ambalo kwa lugha yetu tunaweza kusema ni uvimbe wa bafa.

Nilipofika hapo nikaacha kusoma. Nikafungua orodha ya kazi ambazo laptopu yangu hujifanyia yenyewe bila kuambiwa. Na hapo ikawepo, imeandikwa kwa mkono wangu: kila siku, saa mbili na nusu usiku, pakia nakala ya hifadhidata ya mteja kwenye seva ya ng'ambo. Niliipanga miezi miwili kabla nikaisahau. Kile kifurushi cha shilingi 1,500 kiliongeza kasi ya kupakua tu, na njia ya kupakia ikabaki megabiti 2 zile zile. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nguo na mdudu pia.

Dawa

Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa CoDel. Badala ya kuuliza foleni ina urefu gani, CoDel huuliza pakiti imengoja muda gani. Kungoja kukizidi milisekunde 5 kwa kipindi cha milisekunde 100 bila kupungua, inaanza kutupa. Mwaka huo huo Eric Dumazet akaiunganisha na wazo la foleni nyingi za zamu, lile la Nagle, ikawa fq_codel ndani ya Linux 3.5. Baadaye, mwaka 2018, CAKE ikaingia Linux 4.19. Dave Täht, aliyeanzisha mradi huu pamoja na Gettys, alitumia miaka yake mingi kuzisukuma programu hizi ziingie kwenye rauta za watu wa kawaida, bure. Alifariki Aprili 1, 2025. Kila anayecheza gemu ana deni kwake hata kama hamjui.

Mimi nilifanya hivi. Nilichukua rauta kuukuu inayokubali OpenWrt, nikaweka kifaa kiitwacho SQM na kuchagua CAKE. Kisha nikaiambia isipitishe zaidi ya asilimia 90 ya kasi yangu halisi, kupakia na kupakua. Hiyo asilimia 10 unayoitoa ndiyo siri yenyewe: foleni inahama kutoka kwenye modemu usiyoweza kuigusa, inakuja kwenye rauta yako yenye akili. Jaribuni kwanza kwa kupima: pigeni ping huku mnapakia faili kubwa. Ikiruka, ugonjwa ni huu. Na kama huna rauta ya namna hiyo, basi angalau hamisha kazi za kupakia ziende saa tisa usiku.

Mimi sikuihamisha ile nakala. Niliiacha kwa makusudi saa mbili na nusu, nikamwita kijana aketi tuangalie. Nakala ikaanza, namba zikapanda hadi 72, zikakaa hapo. Nikamwonyesha ile orodha ya kazi na jina langu juu yake, nikamwomba msamaha. Akasoma kimya, akauliza, "Kwa hivyo Mjomba, ulikuwa wewe?" Nikasema ndiyo. Akacheka, lakini si kicheko cha furaha sana, na ana haki.

Timu haijamrudisha. Anacheza na wengine sasa, anaanza upya. Nimekirudisha kifurushi kwenye kile cha zamani, na zile shilingi 1,500 nimemwahidi za mwezi wa kwanza ni zake.

Basi ndugu zangu, kabla hamjampigia simu mtoa huduma kumfokea, na kabla hamjamwambia mtoto anasingizia, angalieni kwanza nani anapakia nini humo ndani. Tukutane tena hapa panapo majaliwa.