Agano na Kalamu: Wasomi na Viongozi katika Dini ya Baha'i

Baha'u'llah alipofariki karibu na Akka mwaka 1892, aliacha wosia wa maandishi uliomweka mwanawe, 'Abdu'l-Baha, kuwa kiongozi na mfasiri wa maandiko yake. Juu ya wosia huo limejengwa fundisho la Agano, ambalo Wabaha'i hulitegemea wanaposema kwamba dini yao haitagawanyika kamwe. Sisi tuliozoea kuhesabu madhehebu yetu kwa mamia hatuna haki ya kulicheka dai hilo. Lakini lina gharama, na aghalabu walioilipa ni watu wa kalamu.

Mwaka 1921 'Abdu'l-Baha naye alifariki, na mjukuu wake Shoghi Effendi akawa Mlinzi. Huko Marekani, Ruth White alidai kwamba wosia uliompa cheo hicho ulighushiwa. Ahmad Sohrab, aliyekuwa katibu wa 'Abdu'l-Baha, yeye aliukubali wosia. Alichokataa ni kuiweka jumuiya aliyoianzisha New York mwaka 1929 chini ya baraza. Alitengwa. Baraza lilikwenda mahakamani kumzuia asitumie jina la Baha'i, likashindwa mwaka 1941. Mtu wa namna hiyo huitwa mvunja Agano, na waamini hukatazwa kushirikiana naye, hata akiwa jamaa yao.

Shoghi Effendi alifariki London mwaka 1957, bila mtoto na bila wosia. Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote yaliyofuata. Mamlaka ya kufasiri maandiko yalikuwa ya Mlinzi peke yake. Nyumba ya Haki ya Ulimwengu, yenye wajumbe tisa, wote wanaume, iliyochaguliwa mara ya kwanza mwaka 1963, ilipewa kutunga sheria katika mambo yasiyotajwa na maandiko, na waamini husadiki kwamba huongozwa isikosee. Basi kiti cha mfasiri ni kitupu. Je, msomi akisoma maandiko na kuona tofauti na viongozi, nani ataamua? Mtu yeyote aliyefundisha somo la mamlaka katika Kanisa ataona jinsi swali hili lilivyo zito.

Swali lilijitokeza waziwazi huko Los Angeles, ambako tangu mwaka 1986 kundi la wasomi lilichapisha jarida liitwalo Dialogue. Waliandaa makala ya mapendekezo ya kuihuisha jumuiya ya Marekani, wakayapeleka kukaguliwa kabla ya kuchapwa, kama ilivyo sharti kwa kila mwandishi Mbaha'i anayeandika juu ya dini yake. Yaani walitii. Hata hivyo mwaka 1988 walilaumiwa hadharani katika mkutano mkuu wa taifa, na jarida likafungwa.

Ni haki kukumbuka saa yenyewe ilikuwaje. Huko Iran, wajumbe wote tisa wa Baraza la Kiroho la Kitaifa walitoweka Agosti 1980, na wanane wa baraza lililofuata waliuawa Desemba 1981. Nyumba inayochomwa moto kwa nje haisikilizi kwa urahisi anayelalamikia paa lake. Twaielewa hofu hiyo, lakini hatuoni kwamba inajibu hoja za walioandika.

Wala Mlutheri asijisifu kwa Worms ya mwaka 1521. Mwaka 1574 mtawala wa Saksonia, aliyejiona mlinzi wa fundisho la Luther, alimtia gerezani Caspar Peucer, mkwe wa Melanchthon, kwa kushukiwa Ukalvini juu ya Meza ya Bwana. Alitoka mwaka 1586, baada ya miaka kumi na miwili.

Juan Cole, profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Michigan, alijiuzulu uanachama mwaka 1996. Kwa maelezo yake, alitishiwa kutangazwa mvunja Agano. Mwaka 2005 Sen McGlinn wa Uholanzi, aliyeandika kitabu juu ya dini na dola, aliondolewa katika orodha ya waamini. Yeye hakutangazwa mvunja Agano. Hakukatazwa kusalimiwa. Aliambiwa tu kwamba si Mbaha'i tena, ilhali yeye aliendelea kusema kwamba anaamini.